Kitoweo Kiwe Chakula: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Vyakula vya Protini Nyingi na Wanga Kidogo

Mama mkwe wangu akija kunitembelea nikamwandalia samaki, mchicha na kachumbari, atakula, atashukuru, atanawa mikono, halafu ataniuliza kwa upole: "Mwanangu, chakula bado?" Hanisemi. Kwake yeye, na kwa wengi wetu, alichokula hakikuwa chakula. Chakula ni ugali, wali, ndizi, muhogo. Vingine vyote ni mboga, hata nyama ya ng'ombe ni mboga, na kazi yake ni kusaidia tonge lishuke. Neno kitoweo lenyewe linasema hivyohivyo: ni cha kutowelea.

Ulaji wa protini nyingi na wanga kidogo ni kuupindua huo mpango. Kitoweo kinakuwa chakula, na ugali unakuwa wa kutowelea. Ukilishika hilo, huhitaji samaki wa barafu kutoka Norway wala unga wa lozi wa bei ya mahari. Karibu kila utakachotumia kiko sokoni kwenu tayari. Kazi ni kujua uchague nini, kiasi gani, na nini kinakudanganya.

Ninayoandika hapa nimeyapata jikoni kwangu Mbagala, tangu siku niliyoambiwa sukari yangu imeanza kupanda, kwa msaada wa mizani ndogo ya jikoni na makosa mengi.

Kwanza, nani asianze peke yake

Kama una kisukari na unatumia insulini au vidonge kama glibenklamidi, usipunguze wanga kabla ya kuongea na daktari wako. Dawa hizo zimepimwa kwa ugali uliouzoea. Ukiondoa ugali dawa ikabaki ileile, sukari inaweza kushuka ghafla: jasho la baridi, kutetemeka, hata kuzimia. Zile dawa za kisasa zinazotoa sukari kupitia mkojo nazo zina hatari yake kwa mtu aliyekata wanga sana, kwa sababu damu inaweza kujaa tindikali hata sukari ikisoma kawaida.

Mwenye ugonjwa wa figo naye asiongeze protini kwa kusoma makala. Apime figo kwanza, asikie anaambiwa nini. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto anayekua, huu si mpango wao. Mwenye gauti, yale maumivu makali ya viungo, ajue kwamba dagaa, maini na supu nzito za nyama ndivyo vinavyoamsha vidole vya miguu usiku. Na aliyewahi kuteswa na mawe ya figo aulize pia.

Wengine tuendelee.

Hatua ya 1: Zijue namba zako mbili

Namba ya kwanza ni protini. Mtu mzima anahitaji kwa uchache gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Hicho ni kiwango cha kutopungukiwa. Wanaokula protini nyingi kwa ajili ya kupunguza uzito au kujenga misuli huenda kati ya gramu 1.2 na 1.6 kwa kilo. Mimi nina kilo 70, kwa hiyo kwangu ni kati ya gramu 84 na 112. Nimejiwekea 90 na ushee. Kama uzito umezidi sana, piga hesabu kwa uzito unaoulenga, usitumie ulionao, la sivyo utaambiwa ule nusu ya ng'ombe.

Namba ya pili ni wanga. Kwa kawaida chini ya gramu 130 kwa siku ndipo watu wa lishe wanaanza kusema wanga ni kidogo. Chini ya 50 ni ule mkato mkali unaoitwa keto, ambapo mwili unaanza kuendeshwa na mafuta. Ushauri wangu, na hapa ni mimi ninasema, anza na 100 mpaka 130. Hamsini inawezekana, lakini katika nyumba ambayo chungu ni kimoja na watoto wanakula wali, utachoka kabla ya mwezi kuisha.

Gramu hizi ni za wanga na protini vilivyomo ndani ya chakula. Haziwi sawa na uzito wa chakula chenyewe. Samaki wa gramu 100 hana protini gramu 100, ana 25 hivi akishapikwa. Kosa hili nimelisikia hata kwa watu waliosoma.

Hatua ya 2: Pima unachokula sasa

Kabla ya kubadili chochote, pima siku moja ya kawaida. Mimi nilianza na ugali wa mchana. Niliweka bakuli kwenye mizani, nikapima unga wa sembe wa kunitosha mimi peke yangu: gramu 140. Unga wa mahindi una wanga kama gramu 75 katika kila gramu 100, kwa hiyo sahani ile moja ilikuwa na gramu 105. Asubuhi nilikuwa nimekula chapati mbili, zaidi ya gramu 80 hapo, na chai ya vijiko vitatu vya sukari, gramu 12 nyingine. Jioni wali vikombe viwili vilivyopikwa, kila kimoja gramu 45. Jumla karibu gramu 290, na sijahesabu soda. Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari gramu 35 na zaidi.

Protini ya siku hiyo? Vipande viwili vya nyama mchana, maharage kidogo jioni, na ile inayotoka kwenye unga na wali. Ilifika gramu 50 kwa taabu.

Usipokuwa na mizani, tumia mkono wako. Kiganja bila vidole, kwa upana na unene wake, ni kama gramu 100 za nyama au samaki aliyepikwa. Ngumi moja ya ugali ni unga wa gramu 40 mpaka 50, yaani wanga wa 30 na kitu. Ukitoka ugali wa ngumi tatu ukaja ngumi moja, kazi kubwa umeshaimaliza.

Hatua ya 3: Chagua protini kwa macho mawili

Jicho la kwanza liangalie protini inakuja na nani. Nyama, samaki na mayai vinakuja na mafuta lakini bila wanga. Maharage yanakuja na wanga. Karanga zinakuja na mafuta mengi. Jicho la pili liangalie mfuko.

Kwa hiyo jifunze hesabu hii moja: gramu 10 za protini zinanigharimu shilingi ngapi? Nitaweka bei za mfano, wewe weka za soko lako. Tuseme yai ni shilingi 400. Yai la kisasa lina protini gramu 6, kwa hiyo gramu 10 ni shilingi 670 hivi. Tuseme steki ya ng'ombe ni 12,000 kwa kilo. Kilo ya nyama mbichi isiyo na mfupa ina protini kama gramu 200, kwa hiyo gramu 10 ni shilingi 600. Sasa chukua dagaa wakavu wa Mwanza, tuseme nao ni 12,000 kwa kilo. Zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, chukua gramu 550 kwa kilo. Gramu 10 zinakuwa shilingi 220.

Nilipopiga hesabu hiyo mara ya kwanza niliirudia, nikidhani nimekosea sifuri. Bei ya kilo ni ileile ya nyama, lakini nyama ukinunua unalipia maji, na dagaa maji yao yamebaki juani Mwanza.

Basi niseme kwa urefu kuhusu dagaa, maana ndio uti wa mgongo wa mpango huu kwa mtu wa kipato cha kawaida. Wako wa Ziwa Victoria, ambao Wakenya wanawaita omena. Wako wa Kigoma, weupe zaidi na wanene kidogo. Wako dagaa mchele wa baharini, ambao mara nyingi huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Gramu 50 za dagaa wakavu, konzi mbili ndogo, zinakupa protini gramu 25 na zaidi, na kwa kuwa unawala na mifupa yao, unapata na madini ya kalisi.

Kuwachagua: chota uwashike. Wazuri wana rangi ya fedha, hawajavunjikavunjika, wakikandamizwa hawaachi unyevu mkononi. Wakiwa na rangi ya njano ya kutu na harufu kali ya mafuta yaliyochacha, waache. Walioanikwa chini wana mchanga, na hakuna kiungo kinachofunika mchanga. Wamwagie maji ya moto, wakoroge, subiri dakika 5, kisha uwachote kwa mkono kutoka juu. Usimwage kwa kuinamisha bakuli, utawarudishia mchanga. Rudia mpaka chini pabaki safi. Wa baharini waloweke muda mrefu zaidi ili chumvi itoke, hasa kama nyumbani kuna mwenye presha. Wakauke kidogo, uwakaange kwa mafuta machache mpaka walie wakigeuzwa, ndipo vitunguu, nyanya, pilipili hoho na ndimu viingie. Anayewatia dagaa moja kwa moja kwenye nyanya bila kuwakaanga ndiye anayesema dagaa wananuka.

Samaki wabichi kwa Dar nawafuata Feri, asubuhi, wakati mnada umechangamka. Mtazame samaki jichoni: liwe limetuna na linang'aa, lisiwe limedidimia na ukungu. Funua shavu, matamvua yawe mekundu. Bonyeza mgongo, nyama irudi. Vibua ni rahisi na wana mafuta mazuri kwa moyo. Changu na kolekole ni wepesi. Jodari anashibisha kama nyama. Lakini vibua na jodari wakishinda juani bila barafu wanatengeneza sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Ukila, uso unawaka, mwili unawasha, kichwa kinagonga. Muuzaji akikuambia, "Mama, chukua tu, wa asubuhi hawa," na ni saa nane mchana na barafu hakuna, mpe tabasamu uende. Wa bara wana sato, perege, sangara na kambale, na wote hao ni protini bila wanga.

Pweza na ngisi watu wanawapenda kwa sababu nyingine, lakini pweza aliyechemshwa ana protini karibu gramu 30 kwa kila gramu 100, sawa na kidari cha kuku.

Kuku: kidari kisicho na ngozi kina gramu 31 kwa mia kikipikwa, paja lina 25 hivi na mafuta zaidi. Wa kienyeji na wa kisasa hawatofautiani kwa protini kiasi cha kubishania. Tofauti ni ladha, bei, na meno yako. Firigisi zisidharauliwe, ni protini nyingi na mafuta machache. Maini yana protini, chuma na vitamini A kwa wingi, mara moja kwa wiki yanatosha, na mjamzito ayaogope kwa sababu ya hiyo vitamini A. Utumbo una protini ndogo, nusu ya nyama au pungufu. Supu ya makongoro ni tamu na sitaiacha, ila protini yake nyingi ni ya gegedu na ngozi, haijakamilika, kwa hiyo usiihesabu kama mlo.

Mayai matatu ni gramu 18. Ya kienyeji ni madogo, hesabu 5 kwa yai.

Kwa wanaopenda: senene wa Kagera na kumbikumbi wana protini na mafuta kwa wingi na wanga kidogo. Msimu wao ni mfupi, wafaidi wanaowajua.

Hatua ya 4: Wajue wanaojifanya protini

Maharage ndiyo yanayowachanganya watu. Ni protini, ndiyo, na ni rahisi kuliko dagaa. Tuseme kilo ni 3,500, basi gramu 10 za protini ni shilingi 160. Lakini kila gramu 10 hizo zinakuja na wanga kama gramu 27. Sehemu nzuri ya huo ni nyuzinyuzi ambazo hazipandishi sukari, kwa hiyo maharage si adui. Ila huwezi kuyafanya ndiyo protini yako kuu, ukaweka na wali, halafu ukasema unakula wanga kidogo. Choroko, kunde, mbaazi na dengu ni ndugu zake. Mimi huyahesabu upande wa ugali: siku ya maharage, ngumi ya ugali inakuwa nusu au haipo.

Soya ni tofauti. Soya kavu ina protini gramu 36 kwa mia, na wanga wake ni nusu ya wa maharage. Iloweke usiku kucha, imwage maji, ichemshe mpaka iive kabisa. Soya isiyoiva inavuruga tumbo. Asiyekula nyama aanzie hapo, aongeze mayai na maziwa kama anakula.

Karanga zina gramu 26 za protini kwa mia, lakini pia mafuta karibu 50. Konzi moja, gramu 30, inatosha. Korosho zina wanga maradufu ya karanga, gramu 30 kwa mia, kwa hiyo Wamakonde mnisamehe. Na karanga uzichague moja moja: zilizosinyaa, zenye vumbi la kijani au nyeusi ndani, tupa, usimpe hata kuku. Ni sumukuvu hiyo, haitoki kwa kukaanga, na inaharibu ini.

Maziwa kikombe kimoja: protini 8, wanga 12. Mtindi usio na sukari unakaribiana nayo. Ule wa dukani wenye picha ya matunda, geuza pakiti usome mstari wa sukari kwa kila gramu 100. Ukizidi 5 au 6, wameongeza.

Soseji na nyama za kopo, soma viungo. Nyingi zimejazwa wanga na chumvi.

Halafu dona. Nimeshaambiwa mara nyingi, "Kula dona, haina wanga." Dona ina nyuzinyuzi na vitamini zaidi, na ni bora kuliko sembe, lakini wanga wake ni karibu uleule. Ulezi na mtama vilevile. Ugali wa muhogo ndio mbaya zaidi kwa mpango huu: wanga unazidi wa mahindi na protini karibu hakuna. Mkate wa kahawia ni mkate. Asali ni sukari iliyotengenezwa na nyuki.

Hatua ya 5: Majani, matunda, mafuta

Hapa hakuna ugumu. Mchicha, matembele, majani ya kunde, mnafu, figiri, chainizi, sukuma wiki, kabichi, bamia, biringanya, nyanya chungu, tango, mlenda: kula mpaka usikie vizuri. Nusu ya sahani iwe hivyo. Bila majani, protini nyingi itakufungia choo siku ya tatu, na hilo nalijua kwa mateso. Kisamvu kina protini kuliko majani mengi, lakini kitwangwe vizuri na kuchemshwa vya kutosha, kwa sababu kibichi kina sumu. Ukikiunga kwa karanga na tui, kumbuka umeshaweka mafuta ya siku.

Tui lina wanga kidogo na mafuta mengi. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya protini au wanga ina 4. Anayetaka kupungua asidhani kwamba kwa kuwa kaacha ugali basi tui zito ni bure.

Parachichi ndilo tunda la kwanza hapa: nusu yake ina wanga wa gramu chache tu, na mwingi ni nyuzinyuzi. Papai na tikiti, kipande kimoja. Embe na ndizi mbivu ni sukari zaidi, ndizi moja inafika gramu 25. Kula tunda, usinywe juisi yake.

Hatua ya 6: Siku yangu moja, kwa namba

Asubuhi: mayai matatu ya kuchemsha au kukaanga kwa kitunguu na hoho, mchicha wa jana, chai yenye nusu kikombe cha maziwa bila sukari. Protini 22, wanga 15.

Mchana: samaki kiganja kimoja na ziada, gramu 120 za nyama tupu, matembele ya kujaza nusu sahani, ugali wa ngumi moja. Protini 33, wanga 40.

Saa kumi: konzi ya karanga na kipande cha papai. Protini 8, wanga 21.

Usiku: kuku kiganja kimoja, bamia au kabichi, nusu kikombe cha maharage, bila wali. Protini 34, wanga 30.

Jumla protini 97, wanga 106. Hakuna chakula hapo ambacho sikuwa nikikipika siku zote. Kilichobadilika ni nani amejaa sahanini. Na ona kwamba nimegawa protini katika milo yote. Kulimbikiza nyama yote usiku ni desturi yetu, lakini asubuhi ya chai na mkate ndiyo inayokufanya saa nne uanze kutafuta vitumbua.

Upikie familia chungu kimoja. Ongeza kitoweo na majani, wao wajipakulie wali wao. Anza kujipakulia majani, kisha kitoweo, ugali wa mwisho. Ukianza na ugali, mkono una mazoea yake.

Hatua ya 7: Nje ya nyumba

Kwa mama lishe, sema mapema: "Mama, niwekee wali nusu, mboga za majani mara mbili, na samaki mzima." Utalipia samaki, lakini siku ya tatu hutahitaji kusema. Mchemsho wa kuku au samaki ni rafiki yako, omba wapunguze ndizi na viazi. Supu asubuhi, sawa, bila chapati mbili pembeni. Mishkaki na kachumbari, sawa, bila ndizi za kuchoma. Chipsi mayai huwezi kuitengeneza: mayai mawili yamebeba lundo la viazi, na ukichambua mayai peke yake muuzaji atakuona mgonjwa. Bora uagize mayai matatu bila chipsi.

Futari ndiyo mtihani. Meza ya mwezi wa Ramadhani imejaa muhogo wa nazi, magimbi, viazi vitamu, ndizi, tambi, uji na kalimati. Muhogo uliochemshwa una wanga kama gramu 38 kwa mia, magimbi yanaufuata kwa karibu. Mimi nafungua kwa tende moja (ndogo ina gramu 5 au 6) na maji, nakunywa supu ya samaki, naswali. Nikirudi mezani nachagua kimoja tu kati ya vile vyote, viazi vitamu mara nyingi, kwa sababu wanga wake ni nusu ya muhogo, kiasi cha ngumi. Samaki, kuku na kachumbari ndivyo vinavyojaza sahani. Daku ni mayai na mtindi, na hapo njaa ya saa saba mchana inapungua waziwazi.

Hatua ya 8: Wiki mbili za mwanzo

Mimi niliingia kwa pupa. Nilikata ugali, wali, tunda, kila kitu, Jumatatu moja. Jumatano ndani ya daladala ya Kariakoo kichwa kilikuwa kinagonga na macho yanazunguka, kijana mmoja akanipisha kiti akidhani nina mimba. Sababu yake ni ya kawaida: mwili unahifadhi wanga pamoja na maji, kila gramu ya wanga na maji kama gramu 3. Ukikata wanga, maji yanatoka, na chumvi inafuata. Ndiyo maana wiki ya kwanza mizani inashuka kilo mbili na watu wanashangilia. Ni mkojo huo, bado si mafuta.

Kwa hiyo punguza kwa ngazi. Wiki ya kwanza toa sukari ya chai, soda na chapati za asubuhi, uweke mayai. Wiki ya pili shusha ugali na wali kutoka ngumi tatu hadi mbili, kisha moja. Kunywa maji, kunywa supu yenye chumvi ya kawaida kama huna presha. Choo kikigoma, ongeza bamia, mlenda na maji kabla ya kukimbilia dawa. Kizunguzungu kikizidi siku tatu, rudisha wanga kidogo, nenda ukapimwe.

Jipime uzito mara moja kwa wiki, asubuhi, siku ileile. Chukua na utepe wa fundi cherehani uzungushe kwenye kitovu, maana kitambi kinaweza kupungua wakati mizani imekaa palepale. Baada ya miezi mitatu rudi kupima sukari, mafuta ya damu na figo, upeleke na karatasi ya ulichokuwa unakula.

Mama mkwe wangu alikuja tena mwezi uliopita. Nilimwekea samaki, kisamvu, na ngumi moja ya ugali pembeni. Akautazama ule ugali, akasema, "Huu ni wa mtoto?" Nikamwambia ni wake, na mwingine uko jikoni. Alikula wote, akaomba kisamvu tena, ugali hakuuliza.